Nimevuta waya, nimefunga AP mbili, lakini simu ikipanda ghorofani inakata. Waya una faida gani basi?

#1 Dari_Jeupe

Wakuu salaam.

Nyumba ni ya ghorofa moja, kuta za zege. Ruta ya mtoa huduma iko sebuleni, kona ya mbele, na haihamishiki kwa sababu fiba inaingilia hapo hapo. Zamani tulikuwa na repita (kifaa cha kupokea Wi-Fi na kuirusha tena) kwenye ngazi, inaonyesha mawimbi yamejaa lakini hakuna kinachofunguka. Humu kila mtu anasema "achana na repita, vuta waya", nikavuta. Waya mmoja unapanda hadi dari ya korido ya juu, mwingine unaenda chumba cha nyuma, na kila mmoja una AP yake (kisambazaji cha Wi-Fi) mwishoni. Kati yao na ruta kuna swichi ndogo. Jina la Wi-Fi ni moja kote, nywila pia moja.

Kifurushi ni megabiti 300. Nikikaa pembeni ya ruta napata 280 na kitu. Nikisimama chini kabisa ya AP ya korido, mawimbi yamejaa, napata tisini na kidogo. Halafu nikiwa kwenye simu ya video nikapanda ngazi, picha inaganda, sauti inakuwa ya roboti, mara inakatika kabisa.

Sasa naomba kuuliza bila kumkwaza mtu: huo waya mnaousifia una faida gani?

#2 Kigoda

Nimekaa. Ngoja waje wenye waya zao.

#3 mama_swichi

"Tisini na kidogo" ni ngapi hasa? Kama inacheza kati ya 93 na 95 na haivuki hapo hata usiku wa manane, usiilaumu Wi-Fi. Kuna sehemu njiani inapitisha megabiti 100 tu. Mia ukitoa mzigo wa vichwa vya pakiti (maelezo ya anwani yanayosafiri na data) inabaki kama 94 hivi. Wi-Fi haina utulivu wa namna hiyo, hupanda na kushuka kila ukipima.

#4 Koleo

Dada @mama_swichi kamaliza. Mimi naongeza: ni kichwa cha RJ45 (plagi ya mwisho wa waya) kimebanwa vibaya. Waya una nyuzi nane, jozi nne. Megabiti 100 inatumia jozi mbili tu, pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote nne. Uzi mmoja wa zile nyingine usipogusa, vifaa vingi vinashuka kimya kimya hadi 100 na taa inawaka kama kawaida. Mtu anaishi hivyo miaka akidhani ndiyo uwezo wa nyumba yake.

Kata vichwa vya pande zote mbili, bana upya kwa mpangilio wa T568B: machungwa-nyeupe, machungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Pande zote mbili sawa.

#5 Mzee wa Antena

Koleo wewe kila ugonjwa unatibu kwa kubana vichwa. Kabla hajakata kitu, aangalie AP yenyewe. Ziko AP nyingi za bei ya chini zimeandikwa "1200" kwenye boksi na tundu lake la waya ni la megabiti 100. Hiyo 1200 wamejumlisha 300 ya bendi ya gigahezi 2.4 na 867 ya bendi ya gigahezi 5, wakaisukuma juu kidogo ipendeze. Hakuna simu inayopata jumla hiyo, maana simu hutumia bendi moja kwa wakati. Na hata ingepata, vyote vinapita kwenye kitundu cha 100. Redio imekimbia, mlango umebaki mdogo.

#6 Dari_Jeupe

Asanteni. Nimepima tena: 94, 94, 93. Chumba cha nyuma napata 270. Boksi la AP ya juu limeandikwa 1200 kweli, la chumba cha nyuma ni la aina nyingine, hilo sikulinunua pamoja. Kwenye swichi taa ya tundu la juu ni ya machungwa, nyingine za kijani.

#7 mama_swichi

Machungwa kwenye swichi nyingi ndiyo 100, ila soma karatasi yake, kila kiwanda kina rangi zake. Kwa hiyo ni kichwa, au AP, au kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekitaja: AP inapata wapi umeme? Kama kuna kile kiboksi cha kupitishia umeme kwenye waya, viko ambavyo ni vya megabiti 100 tu. Vinachukua jozi mbili zilizokaa bure na kuzipitishia umeme, data inabaki na mbili.

Kipimo ni rahisi. Chomoa AP ya juu, chomeka laptopu kwenye ule waya bila kile kiboksi. Ikisema gigabiti, waya mzima, tatizo ni AP au kiboksi. Ikisema 100, Koleo atoe koleo lake.

#8 Dari_Jeupe

Kiboksi kipo. AP iko darini na ngazi nimeiazimisha, itarudi wikiendi.

#9 Kigoda

Umeazimisha ngazi ukiwa na AP darini? Wewe una imani kubwa.

#10 Bila_Waya

Mimi nitasema ambalo wengi humu hawapendi. Ungenunua seti ya meshi (AP zinazoungana zenyewe kwa hewa) ya bendi tatu, mchezo umekwisha jioni hiyo hiyo. Bendi moja inabeba mazungumzo ya AP kwa AP, mbili zinahudumia simu. Hakuna kutoboa zege, hakuna kiboksi, hakuna koleo. Kwangu iko hivyo, natazama video za 4K vyumba vyote na sina nyaya zinazoning'inia ukutani.

Halafu niulize: 94 chumbani haikutoshi kwa lipi? Simu ya video inakula megabiti tatu, nne. Video ya 4K kama 25. Watu mnapima spidi kuliko mnavyoitumia.

#11 Koleo

Mawimbi yako ya AP kwa AP yanapita kwenye zege lile lile linalomtesa mwenzako. Bendi ya tatu ina masafa ya juu, na masafa ya juu ndiyo yanayokufa haraka ukutani. Nyumba ya mbao sawa, zege lenye nondo hapana. Na ukiwa na meshi ya bendi mbili, kila ruko linakata spidi karibu nusu, kwa sababu redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja.

#12 Bila_Waya

Nimesema bendi TATU, soma vizuri. Na vifaa vipya vya Wi-Fi 7 vinaweza kutumia bendi zaidi ya moja kwa pamoja kwenye kiungo hicho hicho. Mnaijadili meshi ya miaka kumi iliyopita.

#13 Mzee wa Antena

Bila_Waya ana hoja moja nzuri mnaipita: 94 haiwezi kuwa sababu ya simu ya video kuganda. Hata 10 safi ingetosha. Kwa hiyo tuna matatizo mawili na uzi unayachanganya. La spidi tunalijua lilipo, kichwa au AP au kiboksi. La kukatika kwenye ngazi ni jingine kabisa.

#14 Sajenti Pakiti

Na hilo la ngazi ndilo lenye utamu.

Anayeamua kuhama kutoka AP moja kwenda nyingine ni simu. AP haihamishi mtu, inaweza kupendekeza tu. Simu nyingi zina uvivu: zikishashika AP zinang'ang'ania hadi mawimbi yawe mabaya kabisa. Apple wameandika wazi kwamba iPhone inaanza kutafuta AP nyingine mawimbi yakishuka chini ya -70 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi, ikizidi kuwa hasi ni dhaifu zaidi), na ili ihame ikiwa inatuma data, ile mpya lazima iwe na nguvu zaidi kwa desibeli 8. Ikiwa imetulia, 12. Sasa piga picha: unapanda ngazi, simu bado imeshika ruta ya sebuleni kwa -68. Kwake hakuna shida. Kwako sauti ni roboti.

Dawa: punguza nguvu ya redio. Watu wanaweka AP zote "High" wakidhani ndiyo faida. AP inapiga kelele kwa kipaza sauti, simu inajibu kwa kunong'ona. Simu inaisikia AP vizuri sana, AP haisikii kitu, na simu haioni sababu ya kuondoka.

#15 Chaneli36

Naunga mkono nusu. Kabla ya nguvu aangalie chaneli. Kwenye 2.4 kuna tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, kwa upana wa megahezi 20. Ukiweka upana wa 40 umekula karibu bendi nzima peke yako. Ruta, AP ya juu na ya nyuma kila moja iwe na yake.

Kwenye bendi ya 5 nina wasiwasi na kitu kingine: "Auto". AP ikiwekwa Auto inaweza kukaa kwenye chaneli za 52 hadi 144, ambazo nchi nyingi zinawapa rada kipaumbele. AP ikisikia rada, au ikidhani imesikia, lazima iondoke ndani ya sekunde 10 na isirudi kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30. Ikihamia nyingine ya aina hiyo lazima kwanza isikilize sekunde 60 bila kutangaza chochote. Muda huo simu yako imeanguka hadi 2.4 au imekatika. Mtu anasema "Wi-Fi ina pepo".

Weka 36, upana wa 80, lala.

#16 Kigoda

Mtu anaitwa Chaneli36 anapendekeza chaneli 36. Tulitegemea nini.

#17 Sajenti Pakiti

Rada ingekata popote alipo, hata akiwa amekaa. Yeye inakata akipanda ngazi. @Dari_Jeupe, ukikaa juu umetulia dakika ishirini simu inakatika?

#18 NusuMegabiti

Wakuu mnakwenda mbali. Swali la kwanza ni: AP zake ni AP kweli? Vifaa vingi vinauzwa vikiwa ni ruta, unatakiwa uingie kwenye mipangilio uchague hali ya AP. Usipochagua, kila kimoja kinagawa anwani zake na kinafanya NAT yake (kuficha vifaa vyake nyuma ya anwani moja). Simu ikihama inapewa anwani nyingine kabisa, na simu ya video iliyokuwa inaendelea inakufa, maana upande wa pili unamjua mtu wa anwani ya zamani.

Angalia anwani ya simu ukiwa sebuleni, juu, na nyuma. Namba tatu za mwanzo zikitofautiana, umepata mchawi.

#19 Dari_Jeupe

Loh. Sebuleni 192.168.1.na kitu. Juu 192.168.1.na kitu. Nyuma 192.168.0.na kitu!

@Sajenti Pakiti nikikaa juu imetulia kwa kawaida. "Kwa kawaida" nasema kwa sababu mara mojamoja jioni inapotea kidogo na kurudi, sikuwahi kuhesabu.

#20 NusuMegabiti

Nilisema. AP ya nyuma ni ruta. Chagua hali ya AP. Kama haina chaguo hilo: zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), mpe anwani isiyogongana na ya ruta kuu, na waya uchomeke kwenye tundu la LAN, siyo lile la WAN la rangi tofauti. Ruta yoyote ya zamani inageuka AP kwa njia hiyo.

#21 mama_swichi

Sahihi, ila tuwe waangalifu na hitimisho. Malalamiko yake ni ngazi, kati ya sebule na korido ya juu, na pande hizo mbili ziko kwenye anwani za 192.168.1. NAT ya chumba cha nyuma inaeleza kukatika kwa nyuma. Ya ngazi haielezi.

#22 NusuMegabiti

Inaeleza kama chumba cha nyuma kiko chini ya ngazi. Simu inapanda, inaishika ya nyuma katikati ya safari, halafu ya juu. Mruko wa kwanza ndio unaoua.

#23 Dari_Jeupe

Kwa kweli ngazi inapita juu ya mlango wa chumba cha nyuma.

#24 Kigoda

😂 Mpelelezi.

#25 Kamba_Ndefu

Samahani kuingilia, nina swali la karibu na hili. Nina kibanda cha kazi nje, kama mita 60 kutoka nyumba kubwa. Nataka kupeleka AP huko. Rafiki ameniambia nichukue waya wa daraja la Cat 8 kwa sababu ni mbali. Sahihi?

#26 Koleo

Rafiki yako anauza nyaya?

Cat 8 ilitengenezwa kwa vyumba vya seva, inabeba gigabiti 25 au 40 kwa umbali wa mita 30 tu. Ni ngumu kukunja, ni nene, vichwa vyake vinasumbua. Kwa gigabiti moja, Cat 5e inafika mita 100 bila jasho. Hata gigabiti 2.5 inafika mita 100 kwa 5e, kiwango chake kipo tangu 2016. Cat 6 ukitaka kujipa nafasi: gigabiti 10 hadi kama mita 55. Cat 6A inazifikisha mita 100 zote.

#27 mama_swichi

Koleo umejibu aina ya waya, hujajibu swali. @Kamba_Ndefu usipitishe shaba kati ya majengo mawili. Kila jengo lina ardhi yake ya umeme na hazilingani. Radi ikipiga hata jirani, tofauti hiyo inatafuta njia, na njia nyepesi ni waya wako wa data. Vifaa vya pande zote mbili vinaondoka pamoja. Mita 60 peleka fiba: kioo hakipitishi umeme. Kila upande weka kigeuzi cha fiba au swichi yenye tundu la SFP (la kuchomekea kipokezi cha fiba). Umeme wa AP uchukue huko huko kibandani.

#28 Mzee wa Antena

Nimeona nyumba radi haikuipiga kabisa, ilipiga mti jirani, na kila kilichounganishwa kwenye waya wa nje kikafa: swichi, ruta, hadi runinga iliyokuwa kwenye tundu la mwisho. Vya Wi-Fi tupu vikabaki hai.

#29 Bila_Waya

Kumbe Wi-Fi ina faida yake 😌

#30 Koleo

Kaa chini.

Ila kabla hatujaiacha mada ya nyaya, kwa wote mnaosoma kimya: angalieni kama ni shaba. Ziko zilizoandikwa Cat 6 kwa nje na ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi kwa kisu, ukiona rangi ya fedha, ni hiyo. Ukinzani wake ni mkubwa zaidi ya shaba kwa mara 1.6 hivi, inapata moto ukipitisha umeme ndani yake, na inakatika ikikunjwa mara chache. Viwango vya Cat haviikubali kabisa. Boksi likiwa jepesi mkononi kuliko ulivyotegemea, shtuka.

#31 Kamba_Ndefu

Asanteni, fiba basi. Na zile adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme wa nyumba?

#32 Sajenti Pakiti

Za bahati nasibu. Namba ya kwenye boksi isahau, unaweza kupata sehemu ndogo tu yake, na mashine ya kufulia ikiwaka inashuka tena. Kwa chumba kimoja chenye matumizi madogo, hewala. Kwa kubeba AP, mimi sitaki. Kama nyumba ina waya wa zamani wa antena ya runinga ukutani, MoCA (adapta za kupitisha data kwenye waya huo) ni bora mara nyingi, inafika gigabiti 2.5.

#33 Dari_Jeupe

Nimerudi wakuu. Ngazi imerudi pia.

AP ya nyuma nimeiweka hali ya AP, sasa vyumba vyote viko 192.168.1. Laptopu kwenye waya wa juu bila kiboksi: gigabiti. Nikarudisha kiboksi, nikachomeka laptopu kwenye tundu la data la upande wa swichi na kuupima kwa kuhamisha faili: gigabiti. AP ikirudi: 100.

Simu ya video kwenye ngazi: mara nyingi inapita sasa, na sauti haigeuki roboti. Lakini bado kuna mara inaganda sekunde kadhaa nikifika juu, na ile ya jioni ya kupotea na kurudi ipo vile vile.

#34 Mzee wa Antena

AP ndiyo ya 100. Nilisema mapema, ila siringi.

#35 Kigoda

Anaringa.

#36 Koleo

Ngoja kwanza. Ulipopima kiboksi ulichomeka laptopu upande wa swichi. Huo upande haupitii zile jozi zenye umeme. Hujapima chochote cha kiboksi. Kinaweza kuwa bado ndicho. Na usichomeke laptopu upande wa umeme kwa kubahatisha. Kiboksi cha kiwango cha 802.3af kinauliza kwanza kabla ya kutoa umeme, hicho ni salama. Vile vya kienyeji vya volti 24 havimuulizi mtu.

#37 Mzee wa Antena

Sawa. Hilo ni kweli. Lakini soma karatasi ya AP, sehemu ya matundu. Ikiwa imeandikwa 10/100 bila 1000, kiboksi kitakuwa kimesingiziwa.

#38 Bila_Waya

Na narudia, 94 inatosha. Mnamnunulisha mtu AP mpya ili apate namba.

#39 mama_swichi

Hapo nakubaliana na Bila_Waya, tarehe iwekwe. Kama kwenye AP ya juu kuna watu wawili na simu zao, 94 haitagusa ukuta. Ila akiwa na hifadhi ya mafaili ndani ya nyumba, au watu watano wanapakua pamoja, ataihisi. Abadilishe siku AP itakapomchosha, asikimbilie leo.

#40 Sajenti Pakiti

Kuganda kwa sekunde kadhaa akifika juu ni kuhama kwenyewe. Simu inaachana na AP moja, inajitambulisha kwa nyingine, inapeana funguo upya. Kwa nyumba ya nywila ya kawaida hilo ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini simu ikianza kwa kutafuta chaneli zote inachukua muda. Kuna viwango vitatu vya kusaidia kuhama: 802.11k inaipa simu orodha ya majirani ili isitafute gizani, 802.11v inaipa pendekezo la kuhama, 802.11r inafupisha kupeana funguo. Shida yake ni kwamba ana AP za viwanda viwili na ruta ya mtoa huduma. Hao watatu hawazungumzi lugha moja. r hasa haitafanya kazi kati yao.

#41 Chaneli36

Na r ukiiwasha vifaa vingine vya zamani vinakataa kuunganika kabisa. Printa, kamera, balbu. Watu wanawasha kila kisanduku kwenye mipangilio halafu wanakuja kuuliza printa imekufa lini.

#42 NusuMegabiti

Azime Wi-Fi ya ruta ya mtoa huduma, ibaki kugawa intaneti tu. Sebuleni aweke AP ya tatu ya familia moja na nyingine. Kuna fundi alikuja kwa shemeji yangu, akafunga AP nne nyumba ya vyumba vitatu, zote chaneli 6, zote nguvu ya mwisho, Wi-Fi ya ruta nayo ikabaki inawaka. Simu zilikuwa zinazunguka kama zimepotea. Tulizima mbili na kupunguza nguvu za zilizobaki, hakuna kilichonunuliwa, malalamiko yakaisha.

#43 Sajenti Pakiti

Hiyo ndiyo namna. Na redio ya 2.4 iwe chini kuliko ya 5, kama desibeli 6 hivi. La sivyo simu zinakimbilia 2.4 kwa sababu inasikika mbali zaidi, hata pale 5 ingekuwa bora.

#44 Dari_Jeupe

Nimepunguza nguvu kwenye ruta hadi "Medium". Ngazi inapita vizuri zaidi. AP ya juu haina chaguo la nguvu, ina "Auto" tu.

Ya jioni bado. Safari hii nimekaa kitandani, sijasogea. Ilipotea kama dakika moja hivi, ikarudi.

#45 Chaneli36

Dakika moja. Kitandani. AP ya juu ipo Auto. Naomba niheshimiwe.

#46 Sajenti Pakiti

Rada inakuja jioni tu? Jioni ni muda ambao majirani wote wamerudi na ruta zao zinawaka. Auto inaona msongamano, inahama chaneli, kila kilichounganika kinaanguka na kuunganika upya. Hiyo haihitaji rada.

#47 Chaneli36

Kuhama chaneli kwa msongamano hakuchukui dakika nzima.

#48 mama_swichi

Au ni upande wa mtoa huduma kabisa. Ikipotea, jina la Wi-Fi linatoweka kwenye simu, au linabaki na intaneti ndiyo haipo? Ni mambo mawili tofauti. Fungua pingi ya kudumu (jaribio la kuuliza kama kifaa kinajibu) kwenda kwenye ruta, 192.168.1.1, kutoka laptopu iliyo juu. Ikijibu wakati intaneti haipo, AP zenu zote mziombe radhi.

#49 NusuMegabiti

Pia angalia kama AP ya nyuma ina kipengele cha meshi kimewashwa. Ikiwa inaunganika kwa waya na kwa hewa pamoja inatengeneza mzunguko, pakiti za matangazo zinazunguka hadi swichi inasimama. Swichi ndogo zisizosimamiwa mara nyingi hazina ulinzi wa hilo.

#50 Bila_Waya

Yaani sasa kosa ni la meshi 🙄

#51 Dari_Jeupe

Jina la Wi-Fi la juu linatoweka. Najua kwa sababu simu inaruka kwenye ya sebuleni, mawimbi yanabaki kidogo sana. Na meshi ya nyuma imezimwa.

#52 Chaneli36

Jina linatoweka. Dakika moja. Nimemaliza. Fungua logi (kumbukumbu ya matukio) ya AP, tafuta neno rada, weka picha hapa.

#53 Dari_Jeupe

Nimeifungua. Haina chochote cha jana. Inaanzia leo jioni, saa ile ile ilipopotea. Mstari wa kwanza kabisa ni wa kifaa kuwaka.

#54 Sajenti Pakiti

Kwa hiyo haikuhama chaneli. Ilizima na kuwaka upya.

#55 Chaneli36

AP nyingine zinajiwasha upya zikishindwa kupata chaneli. Bado sijashindwa.

#56 Mzee wa Antena

Au ni joto. Iko darini, paa limepigwa jua mchana kutwa, jioni watu wanaitumia kwa nguvu.

#57 Koleo

Au umeme haumtoshi. Kiboksi cha 802.3af kinatoa wati 15.4 na AP inapata kama 12.95 mwisho wa waya. Redio zote mbili zikifanya kazi kwa nguvu, AP yenye njaa inazimika. @Dari_Jeupe geuza kile kiboksi, soma nyuma: volti ngapi, ampea ngapi? Na uzi wa waya ule umeukwangua?